Valvu ya Zamani Ina Kitu Ndani

Mimi ni fundi cherehani, na ukuta wa duka langu ndio ukuta wa duka la Nuruddin Abdulshakur, fundi redio wa hapa Ngokolo. Ukuta wenyewe ni mwembamba kiasi kwamba yeye akikohoa, mimi nasema pole. Tumekaa hivyo miaka kumi na tisa. Kwa hiyo ninayoyasimulia hapa sikuyaokota kwa watu. Nilikuwepo, na ubaya wake mkubwa niliutengeneza mwenyewe kwa mdomo wangu.

Nuruddin ana miaka sitini na mbili. Babu yake alitoka Pangani na biashara ya nguo, akaoa Msukuma, safari ikaishia hapa hapa. Baba yake, mzee Abdulshakur, alikuwa fundi umeme kwenye klabu ya wafanyakazi wa mgodi kule Mwadui, enzi za sinema na dansi kila Jumamosi. Nuruddin alikulia nyuma ya spika. Anasema alijifunza kutambaa akifuata waya, na mimi namwamini, maana hata leo akitembea anaangalia chini kama mtu aliyedondosha skrubu.

Ni mwembamba, mbishi, na mwaminifu mpaka anaudhi. Mpelekee redio iliyokatika fyuzi, atakutoza bei ya fyuzi na kukupa hotuba ya bure. Yeye hasemi "natengeneza," anasema "nasikiliza." Watu wanamletea vyombo vyao kutoka Kambarage, kutoka Ndala, si kwa sababu ana vifaa kuwashinda wenzake. Vifaa vyake vingine vimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Wanamfuata kwa sababu ya sikio. Anaweka kichwa karibu, anafumba macho, anasema, "Kapasita hiyo," na ukifungua unakuta kweli ni kapasita. Sikio hilo limesomesha watoto watatu. Mwenzake ana shamba, yeye ana sikio, na mji mzima unajua.

Wazimu wake ulikuwa valvu. Kwa ambaye hakuwahi kuziona, valvu ni zile taa ndogo za kioo zilizokuwa ndani ya redio za mbao kabla ya transista kuja. Ndani hazina hewa. Ukiwasha, katikati panakuwa pekundu kama kaa linalokaribia kuzimika, na kichwani, upande wa ndani wa kioo, pana doa linalong'aa kama kijiko kipya. Bado zinatengenezwa, Urusi na China, na wapenda muziki wenye fedha zao wanazinunua. Mpwa wa Nuruddin aliyeko Dar humletea. Lakini mwulize Nuruddin kuhusu hizo mpya, atainua kidole.

"Valvu ya zamani ina kitu ndani. Mpya haina."

"Kitu gani, Fundi?"

"Kitu."

Basi hapo ameshamaliza, nenda kanywe maji.

Alikuwa na valvu mbili za zamani ambazo hazikuwahi kuwashwa. Baba yake alipewa zilipobaki kwenye stoo ya klabu, na alipofariki zikaja kwa Nuruddin zikiwa ndani ya boksi zao za karatasi. Miaka ishirini na minane alizitunza kwenye kopo la maziwa ya unga, zimezungushiwa pamba, akisubiri siku atakayojenga amplifaya yake mwenyewe. Mwaka huu, baada ya Ramadhani, akaimaliza. Valvu moja ya kusukuma spika ya kulia, moja ya kushoto. Kwenye duka zima hakuna kitu kilichofutwa vumbi isipokuwa hiyo.

Mpwa wake ndiye aliyeanzisha balaa, kwa simu. Alimwambia kwamba huko Ulaya wajuzi wakifunikwa macho, wengi wanashindwa kutofautisha ya zamani na mpya. Nuruddin akakata simu. Akaja kwangu amekunja uso.

"Mama Amira, naomba pazia lako."

Nina kona ya kujaribia nguo yenye pazia zito. Tukaihamishia amplifaya humo, spika zikabaki nje, na yeye akakaa upande wa pili na kiti chake. Kazi yangu ilikuwa kubadilisha valvu, au kuziacha zile zile, bila kumwambia, na kuandika kwenye daftari langu la vipimo. Mkewe, Zakia, alishakataa kazi hiyo. Alisema yeye hana umri wa kusikiliza wimbo mmoja mara sita. Alikuwa na akili kuliko mimi.

Kila mara nilizima, nikangoja umeme uishe na vioo vipoe kama alivyonifundisha, nikazishika kwa kipande cha khanga. Kisha santuri ile ile ya taarabu, mwanamke mwenye sauti nzito na violini zikimfuata nyuma. Mara ya kwanza akasema, "Mpya." Mara ya pili, "Za baba." Mara ya nne nikasikia anavuta kamasi.

"Sikia violini hizo, Mama Amira. Hiyo ni Mwadui. Huyo ni baba amesimama mlangoni. Hata ukinichinja, hizi ni za baba."

Zilikuwa mpya. Za Urusi, na karatasi ya bei bado ilikuwa kwenye boksi.

Tulipomaliza nikahesabu daftarini. Katika sita, alipatia mbili. Ukirusha sarafu unapata zaidi ya hapo.

Akafunua pazia. Alikuwa amejifuta machozi, uso unameremeta kama wa mtoto aliyevalishwa kanzu ya Idd.

"Ngapi?"

Nilimwangalia. Nikaliona lile kopo la maziwa. Nikaona miaka ishirini na minane.

"Zote sita," nikasema, na ukurasa nikauchana.

Nilimhurumia, sina maelezo mengine. Na nakiri, niliona raha kidogo kumfurahisha mtu kwa bei rahisi hivyo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu ilifika mpaka Masumbwe.

Maana mtu mwingine angefurahi kimya kimya. Nuruddin alikwenda moja kwa moja kwenye kahawa. Alisimulia siku ya kwanza, akasimulia ya pili, na kila akisimulia pazia linazidi kuwa zito. "Nimefunikwa! Mara sita! Na mara sita nimeitambua. Sasa nani atanibishia kwamba valvu ya zamani ina kitu ndani?" Kwenye benchi lile alikuwepo Nasibu, dereva wa lori anayepeleka saruji Masumbwe. Nasibu akalipeleka neno pamoja na saruji.

Huku kwetu anayesema "kitu ndani" anamaanisha muziki. Kule Masumbwe, kwenye machimbo ya dhahabu, watu wanaishi na zebaki. Wanaichanganya na mchanga kwenye karai inase dhahabu, wanaiona kila siku inavyong'aa. Na kuna ile hadithi isiyokufa ya zebaki nyekundu, eti ipo kwenye vyombo vya kizamani na tone lake moja linanunua nyumba. Mwaka fulani walikuja wawili kwangu wakasogeza simu kwenye sindano ya cherehani langu la mguu, eti mtandao ukikatika basi zebaki imo. Niliwafukuza na pasi ya moto mkononi. Sasa fikiria watu hao wanasikia kwamba kuna kioo cha zamani, kina doa linalong'aa kama zebaki, kinawaka chekundu, na fundi mkongwe ameapa kina kitu ambacho kipya hakina.

Simu ya kwanza ilipigwa na dalali mmoja wa dhahabu, jina lake Mabula. Nuruddin alicheka. Ya pili alijibu kwa hotuba. Ya tatu, simu ikiwa kwenye spika, Mabula akataja kiasi ambacho mimi, nikiwa upande wangu wa ukuta, kilinifanya nijichome sindano. Nuruddin angeweza kusema ndiyo, akawapa vioo viwili na kununua kiwanja cha pili. Alisema, "Ndugu yangu, hiyo ni haramu. Siwezi kumuuzia mtu kioo kwa jina la zebaki." Akakata.

Wao wakaelewa kwamba anapandisha bei.

Walikuja Alhamisi, saa nne asubuhi, mji ukiwa umechangamka. Nilisikia gari, nikasikia shikamoo na marahaba, kisha nikasikia mlango wa bati wa Nuruddin unavutwa chini. Huwa haufungi mchana. Nikatoka mbio, futi ikining'inia shingoni, nikapita kabla haujafika mwisho.

Mabula alikuwa amevaa koti la ngozi kwenye jua lile. Mwenzake alikuwa mtu mpana, mkimya, rozari shingoni na begi la mgongoni amelikumbatia kifuani. Huyo ni Silvesta, mkulima wa Ushirombo ambaye huchimba wakati wa kiangazi.

"Na wewe mama ni nani?" Mabula akauliza.

"Jirani. Na nikipiga yowe hapa, soko zima litaingia."

"Hakuna haja ya yowe. Sisi ni wateja, gete, wateja kweli."

Silvesta alizungumza na Nuruddin peke yake, kwa heshima, macho yakiwa chini.

"Mzee, mimi nimeuza ng'ombe wangu wa kulimia, wote wawili. Mke wangu Generoza tangu juzi hasemi na mimi. Sikuja kuiba. Nimekuja kununua. Fedha hii hapa. Nipe mali, nirudi nyumbani kama mwanaume."

"Baba, hakuna mali," Nuruddin akasema. Akaionyesha amplifaya mezani, zile valvu mbili za baba yake zikiwa zimesimama juu yake. "Hilo doa linalong'aa ni madini kidogo tu, wanayachoma kiwandani yajipake kwenye kioo yanase hewa iliyobaki. Hata mpya inalo. Tazama, hii mpya, na hii nayo. Zote zinang'aa. Nunua ng'ombe wako tena, nakuomba."

"Za zamani ndizo zenye kitu," Mabula akasema. "Umesema mwenyewe. Mji mzima umesikia."

"Nilisema kitu cha sauti."

"Hicho kitu cha sauti ndicho kitu gani?"

Nuruddin akafungua mdomo, akainua kidole, na kidole kikashuka. Sijawahi kumwona hivyo.

Silvesta akauliza taratibu, "Walikufunika pazia?"

"Ndiyo."

"Hukuona kitu?"

"Sikuona."

"Na uliijua."

"Niliijua. Mara sita."

Silvesta akatikisa kichwa polepole. "Basi kipo, mzee. Sikio haliwezi kusikia kisichokuwepo. Wewe si mwongo, hilo nimeliona tangu nimeingia. Kama ni sawa sawa, uliijuaje?"

Swali hilo lilikuwa na jibu, na jibu nilikuwa nalo mimi. Nikajiambia ngoja kwanza, labda wataondoka, labda Nuruddin atapata la kusema. Namna hiyo ndiyo woga unavyomlea mtu.

Mabula akaingiza mkono kwenye begi la Silvesta, akatoa moko, ile patasi ndefu ya wachimbaji, akaiweka mezani karibu na amplifaya. Kiliposhuka chuma kile, meza ikalia.

Nuruddin akaitazama. Kisha akachomoa valvu ya kushoto. Akailaza juu ya karatasi nyeupe, akaifuta kwa kidole gumba, mara moja tu. Nikasema, "Fundi, usifanye hivyo." Hakunisikia. Akaichukua moko ile ile, akasema bismillahi, na akapiga.

Ililia kidogo tu, kama mtu aliyeshtuka. Na mbele ya macho yetu lile doa la fedha likafifia, likawa kijivu, likawa jeupe kama chokaa. Akakigeuza kioo, akakikung'uta kwenye karatasi. Ukatoka unga mweupe wa kujaza kucha. Hakuna tone, hakuna wekundu, hakuna kitu.

"Mmeona?" akasema. "Hewa imeingia, imekuwa chokaa. Ndiyo zebaki yenyewe hiyo. Hii ilikuwa ya baba yangu."

Mimi nilidhani yamekwisha. Silvesta naye alishaanza kufunga begi. Lakini Mabula alikuwa ameinamia karatasi, akanyoosha mgongo akiwa anacheka.

"Imeruka! Silvesta, wewe umechoma karai mara ngapi? Zebaki ikipata moto si inaruka, unabaki na dhahabu peke yake? Hii imepata upepo, imeruka. Tumeiona kwa macho yetu ikiondoka! Ilikuwa inang'aa, sasa haing'ai. Imekwenda wapi?"

Mungu wangu. Ushahidi wa Nuruddin ukageuka mikononi mwake. Mtu wa mjini angeelewa chokaa. Lakini Silvesta ameona zebaki ikitoweka juu ya moto maisha yake yote. Kwake yeye, kitu kinachong'aa kikitoweka ghafla, hiyo ndiyo dalili kwamba ni chenyewe. Nikaona macho yake yanabadilika. Ule unyenyekevu ukaisha, akabaki mtu aliyeuza ng'ombe na kuona tone lake la kwanza likipeperuka.

"Umeiharibu makusudi," akasema.

"Baba, wallahi..."

"Iliyobaki tutaivunjia ndani ya maji, kule kwetu," Mabula akasema. "Na mzee anakuja nasi. Yeye ndiye anayeijua."

Silvesta akanyoosha mkono wake mpana, akachomoa ile valvu ya pili, na mkono mwingine akamshika Nuruddin juu ya kiwiko. Hakumpiga wala hakumvuta. Alimshika tu, na Nuruddin akasimama, maana hakuwa na namna. Nje dereva wao akawasha gari. Mtu mzima wa miaka sitini na mbili, na miwani imemkaa upande.

"Hakuijua!" nikasema.

Wakageuka wote watatu.

"Hakuijua. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya pazia. Mimi ndiye niliyebadilisha na kuandika. Mara sita alizosikiliza, alipatia mbili. Nne alikosea. Nilimdanganya. Nilimwambia sita kwa sababu nilimhurumia."

"Mama huyu anamtetea jirani yake," Mabula akasema haraka.

Lakini Silvesta hakunitazama mimi wala Mabula. Alimtazama Nuruddin. Na mimi nikamtazama. Natamani nisingefanya hivyo. Uso ule haukuwa wa mtu anayeokolewa. Midomo ilikuwa inahesabu.

"Ile ya nne," Nuruddin akaniuliza, kana kwamba duka halina mtu mwingine. "Ile niliyosema ni baba."

"Mpya, Fundi."

"Mpya?"

"Za Urusi."

Akakaa chini. Silvesta alikuwa bado amemshika kiwiko, na alipokaa mkono wa Silvesta ukashuka naye, kisha ukamwachia. Mabula alianza kusema neno, Silvesta akamnyamazisha kwa kiganja.

"Uso huu hauigizwi," akasema. Akairudisha valvu mezani, taratibu, akihakikisha haibingiriki. Akachukua moko yake, akaifuta unga mweupe kwenye suruali. "Pole, mzee. Mimi ng'ombe wangu nitawakomboa kama aliyewanunua hajawapeleka mnadani. Wewe sijui utafanyaje."

Wakaondoka. Mabula alikuwa akibishana mpaka kwenye gari, na mlango wa bati waliuacha nusu. Nikausukuma juu, mwanga ukaingia. Nikaanza kuokota vipande vya kioo.

"Acha," Nuruddin akasema.

"Fundi, nisamehe. Nilikuonea huruma tu."

"Nimesikia."

"Ningekuambia siku ile ile..."

"Siku ile ile ningekasirika wiki moja, halafu ningekuja kukuomba pazia tena." Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati. "Nimezungumza mwezi mzima kwenye kahawa, Mama Amira. Umeniacha nizungumze. Mtu ameuza ng'ombe."

Nilisimama pale na futi yangu shingoni, na tulikuwa hivyo alipoingia Mama Loveness wa nyumba za nyuma, amekumbatia sabufa iliyopasuka spika. Hakujua kilichotokea. Akasalimia, akaitua mezani katikati ya unga ule mweupe, akapumua.

"Fundi, nishauri. Hii spika ya zamani uiunge, au unitolee uweke mpya ya Kichina? Ipi itakuwa na sauti nzuri?"

Miaka kumi na tisa nimesikia swali hilo kupitia ukutani, na jibu huwa linatoka kabla swali halijaisha. Nuruddin akaivuta sabufa karibu. Akaigonga kwa kidole, akainamisha kichwa, akafumba macho kama kawaida yake. Kisha akayafumbua, akanyanyuka, akaisukuma mbali kidogo.

"Sijui, Mama Loveness," akasema. "Mwulize jirani yangu huyu. Yeye ndiye anayejua ninachosikia mimi."

Mama Loveness alicheka, akidhani ni utani, akanigeukia kusubiri jibu.